Mchele Kiunoni mwa Somo

Somo wangu hakuweza kupishana na mwanamke aliyefunga kanga vibaya akanyamaza. Awe mkwe wa imamu, awe mwalimu aliyehamia juzi kutoka Songea, Somo atamsimamisha pale pale njiani, katikati ya Kivinje, avute pindo, akaze, ampigepige kiunoni kwa kiganja na kusema, "Haya, nenda sasa, umekuwa mtu." Wengine walikasirika. Wengi walizoea, na wapo waliolegeza kanga makusudi walipokaribia kibaraza chake, ili tu waguswe na mkono ule. Nazungumzia zamani, kabla mkono ule haujaanza kuogopwa.

Namwita Somo kwa sababu ndivyo alivyokuwa kwangu. Kwetu binti akivunja ungo hupewa mwanamke mmoja wa kumfunda, na tangu hapo mpaka kaburini huyo ndiye somo yake. Mama amekuzaa, somo amekufunika. Jina lake nalijua vizuri sana, nimelisoma miaka mingi kwenye bahasha za vidonge vyangu. Sitaliandika hapa, maana limeshachezewa vya kutosha.

Vidonge vyangu, nimesema. Mwenye kifafa ni mimi. Mji mzima ulijua kuwa ni yeye.

Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye miguu ya kukimbilia ugomvi. Mdomo wake ulikuwa mchafu na moyo wake una haya, na mpaka leo sijui viwili hivyo viliishije nyumba moja. Jikoni kwenye shughuli angeweza kutoa mzaha wa kumfanya mjane acheke katikati ya eda yake, lakini mtoto wa miaka mitatu akipita uchi, yeye ndiye wa kwanza kuinuka na kitambaa. Alisali sala zote tano. Alidanganya pia, kwa utulivu mkubwa, jicho kavu, na alikuwa na fatwa yake mwenyewe juu ya jambo hilo: "Uongo wa kujisitiri ni dhambi. Uongo wa kumsitiri mwenzako ni kanga." Nilipomuuliza ni sheikh gani aliyesema hivyo, alisema, "Sheikh mimi."

Alipenda ukoko. Wali ukishapakuliwa kwenye masinia, yeye hukaa na sufuria katikati ya miguu na kuukwangua taratibu, na hapo hata mwenye shughuli hakumsogelea. Yeye ndiye aliyekuwa muonjaji wa chumvi katika majiko yote makubwa ya Kivinje. Hudondoshea mchuzi kiganjani, huulamba, hufumba macho, kisha hutoa hukumu. "Bado." Au, "Toeni kuni, mtaniulia pweza." Wapishi wote walimsubiri afumbue macho.

Neno alilotufunda zaidi ya yote lilikuwa stara. Hatukufundishwa kujificha, maana alisema kujificha ni kazi ya panya. Tulifundishwa kumfunika mwingine. Ukimkuta mwenzako ameanguka, funika kwanza, uliza baadaye. "Aibu ni ya aliyetazama," alikuwa akisema, "si ya aliyeonekana." Sote tuliofundwa naye tuliijua kauli hiyo. Nadhani ni mimi peke yangu niliyejua alivyoifanyia kazi.

Nilianguka mara ya kwanza nikiwa ndani, mwali wake. Kwetu mtu akianguka kifafa, watu hukimbia. Si kwa ubaya wa roho. Tumelelewa tukiambiwa povu lile likikugusa, umeupata, na kama aliyeanguka akijamba nawe ukavuta hewa ile, ndiyo basi tena. Nimewahi kuona wanaume wazima, mabaharia, wakiruka ukuta kwa kumkimbia mtoto wa shule aliyelala akitetemeka. Somo hakukimbia. Aliufunga mlango kwa makalio, akanigeuza ubavu, akavua kanga yake ya juu akanifunika, kisha akaanzisha wimbo kwa sauti kubwa hata wanawake waliokuwa uani wakaupokea wakidhani ndani kuna raha. Nilipozinduka, alikuwa bado anaimba, jasho linamtoka.

"Nimefanya nini, Somo?"

"Umelala."

"Wanajua?"

"Wanajua umelala. Futa mdomo."

Baada ya hapo nilianguka tena na tena, na kila mara yeye na mama yangu walikuwa na maelezo. Tulikunywa kombe la sheikh, maji yaliyooshea aya. Tulikwenda kwa mganga upande wa Mitole, akasema ni shetani wa bibi yangu anataka ubani na kuku mweusi. Shetani akala kuku, mimi nikaendelea kuanguka. Siku moja niliangukia jikoni, mkono ukalala kwenye makaa, na kovu lake ninalo, kuanzia kiwikoni kushuka. Somo aliutangazia mtaa kwamba nimemwagikiwa na mafuta ya maandazi. Alisema mpaka nikaamini. Mtu akiniuliza leo ghafla, ulimi wangu unatangulia kusema mafuta ya maandazi.

Kisha muuguzi mmoja akaja kuzungumza na kina mama wanaopima watoto. Somo alikuwa pale, amempeleka mjukuu wa jirani. Yule muuguzi akasema kifafa ni ugonjwa wa ubongo, hauambukizi kwa povu wala kwa upepo, na una vidonge, na mtu akivimeza kila siku bila kuruka anaweza kukaa miaka asianguke. Somo alikuja kwetu anakimbia, kanga yake mwenyewe imemlegea. Ndiyo mara pekee niliyomwona hivyo.

"Kuna vidonge," akaniambia. "Lakini mgonjwa lazima akae kliniki. Ile ya Jumatano."

Wa Kivinje wote tulilijua benchi la Jumatano. Liko nje, kwenye kibaraza, na kila anayeingia hospitali, awe amekuja kujifungua au kung'oa jino, lazima alipite. Wanaokaa pale ni wa kifafa na wa akili. Mimi wakati huo nilikuwa nimeposwa.

"Siwezi," nikasema. "Wakiniona pale, posa inarudi kabla ya adhuhuri."

Somo alikuwa anatafuna kitu, nadhani ukoko.

"Nani kakwambia utakaa wewe?"

Sikumtuma. Nimejisemea hivyo mara nyingi na ni kweli, sikumtuma. Lakini sikumzuia pia, na Jumatano iliyofuata nilisimama dirishani nikamwona anapita, amevaa doti mpya kama mtu anayekwenda harusini.

Kabla ya kila kliniki alinisaili. Alikaa mbele yangu, mkono shavuni. "Haya, nihisi nini kabla sijaanguka?" Namwambia, nasikia harufu ya nazi inaungua na hakuna nazi. "Halafu?" Halafu mkono wa kushoto unakufa ganzi. "Nikizinduka?" Kichwa kinauma, ulimi una jeraha. Aliyarudia yote mpaka yakamkaa, kisha akaenda kuyasema kwa daktari wa kliniki, kijana mmoja, kana kwamba ni yake. Vidonge vya mwanzo vilinifanya nisinzie mpaka kwenye chakula, akaenda akamwambia, "Mwanangu, nalala kama chatu." Daktari akampunguzia, nami nikaamka. Sikujua nicheke au nilie. Nilicheka.

Siku moja alirudi amenuna. Kumbe wamempandisha mizani, na amesikia kwamba dawa hupimwa kwa uzito wa mtu. Yeye mwembamba, mimi nimeumbika. Aliwaza juma zima. Kliniki iliyofuata alifunga mchele kwenye kitambaa, akauzungusha kiunoni chini ya kanga mbili, akaenda akapanda mizani taratibu, anapumua kwa shida. Daktari akamsifu kwamba amenenepa. "Ni raha za mume," akamjibu, naye mumewe amekufa siku nyingi. Aliporudi aliupika mchele ule, tukala sote, na aliugeuza kuwa kisa cha kunichekesha kila nilipokosa raha.

Nami nikapona. Sijui niite nini. Daktari husema ugonjwa umetulia. Nilianguka mara chache, kisha mara moja, kisha basi. Nikaolewa. Mume wangu nilimwambia mwenyewe kabla ya nikaha, akasema, "Basi vidonge unavyo, tatizo liko wapi?" Ni mtu mwema, ila na yeye alinisihi mama yake asijue. Aliye mzima hajui utamu wa kuteka maji kisimani peke yako. Nilibeba mtoto mgongoni nikasonga ugali motoni, hakuna aliyesimama nyuma yangu na roho mkononi. Nilipanda pikipiki mpaka Masoko, nikarudi. Kila nililolipata kwa vidonge vile, Somo alikuwa analilipia upande wa pili, kidogo kidogo, na mimi namwona.

Kwanza walimwekea kikombe chake. Kwenye hitima moja kikombe cha plastiki chenye ufa kiliwekwa mbele yake, na hitima iliyofuata kikawekwa kile kile. Kisha kwenye harusi moja, Bi Zuhura, mkubwa wa majiko yetu, akaonja mchuzi mwenyewe kabla Somo hajafika. "Tumeona tusikusumbue, dada," akamwambia. Somo akasema ahsante, hata hivyo meno yanamsumbua. Kisha wazazi wakaacha kumletea mabinti. Aliyekuwa akigombewa na mitaa miwili akawa anakaa kibarazani na kusema magoti hayamruhusu tena. Mji ulikuwa na huruma zake. Walimsalimia. Shikamoo walimpa, kwa mbali kidogo, na wanawake wakikaribia kibaraza chake walizikaza kanga zao wenyewe.

Aliendelea kuniuliza kila asubuhi alipopita, "Umekula daku?" Ramadhani au si Ramadhani. Maana yake ni umemeza kidonge. Mama mkwe wangu aliamini bibi wa watu ameshaanza kuchanganyikiwa, kifafa kimepanda kichwani, akaniambia nimvumilie. Nikasema nitamvumilia. Nikiikumbuka sentensi hiyo natamani kujifunika uso hata nikiwa peke yangu.

Nilipopata mimba ya Rehema, mwanangu wa kwanza, sote wawili tuliogopa. Hakuweza kumwambia daktari kwamba ana mimba, kwa umri ule. Alimwuliza kwa kuzunguka, kwamba anaye binti wa ndugu yake mwenye maradhi kama yake, je, akibeba mimba vidonge hivi vinafaa? Daktari akamwambia visiachwe ghafla, na huyo binti aje mwenyewe haraka, maana zipo dawa ambazo mwenye mimba hapewi. Somo aliniletea jibu zima, hakulikata. "Amesema uende." Sikwenda. Rehema alizaliwa mzima, alhamdulillahi, na kila anapokuja na matokeo mazuri ya shule mimi namshukuru Mungu kwa jambo jingine kabisa.

Watu watauliza nilikuwaje nikanyamaza. Ningependa kuwa na jibu kubwa. Nilikuwa naona aibu, ndiyo hivyo tu, na aibu ikikaa sana inageuka kuwa kiti chako, unakikalia. Nilimwambia mara moja, nikiwa naosha vyombo vyake, kwamba nataka kusema. Alinirushia kikombe kile chenye ufa. "Nimekufunika miaka yote hii, leo unataka nikuone uchi? Mficha uchi hazai, wanasema. Wewe umezaa, nimekuficha mimi. Osha hicho."

Basi Rehema naye akakua, akafikia kufundwa, nikasema somo yake atakuwa Somo wangu. Siku ya kikao wanawake walijaa uani kwangu. Bi Zuhura akaongea kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi. Alisema hakuna anayemchukia dada yetu. Lakini mtoto wa watu kufungiwa chumba kimoja na mtu anayeanguka, na povu lile, jamani, tuseme ukweli. Wanawake wakaitikia chini chini. Somo alikuwa kwenye kona, kwenye mkeka wake peke yake, anachambua kucha.

Nilisimama. Miguu ilinitetemeka hata nikadhani ndiyo naanguka hapo hapo, na kwa sekunde moja nilitamani iwe hivyo.

"Somo haumwi," nikasema. "Mwenye kifafa ni mimi. Vidonge anavyochukua ni vyangu. Tangu sijaolewa."

Mama mkwe akashika kidevu. Kisha Somo akacheka, kile kicheko chake cha jikoni.

"Mnamwona mwali wangu? Nimemfunda akafundika. Anataka kubeba gunia langu. Kaa chini, mwanangu, usijitie nuksi."

"Somo, sema kweli!"

"Kweli ipi? Nani hapa amewahi kumwona huyu akianguka?"

Wakatazamana. Hakuna aliyewahi. Vile vidonge vilikuwa vimefanya kazi yao barabara, nami sikuwa na shahidi hata mmoja. Mume wangu alikuwa kazini. Mama yangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nikakunja mkono wa gauni, nikawaonyesha kovu. "Hili ni la moto. Niliangukia makaa."

Bi Zuhura akatikisa kichwa kwa huruma. "Mwanangu, hilo ni la mafuta ya maandazi. Umetuambia mwenyewe."

Wakanisifu. Walisema binti wa siku hizi mwenye moyo kama huu hayupo, Somo amepanda mbegu njema. Walinikalisha, mmoja akanifuta machozi, na Rehema akapewa somo mwingine. Nilikuwa nimesema kweli, wameikataa, kwa hiyo nimemaliza wajibu wangu. Nafsi yangu ilinong'ona hivyo. Nikahisi nafuu. Nilihisi nafuu, mbele ya mwanamke yule aliyekaa kwenye mkeka wa peke yake, na katika yote niliyoyatenda na kuyaacha, hiyo nafuu ndiyo ninayoionea aibu zaidi.

Sikulala vizuri mpaka Jumatano.

Asubuhi hiyo alipopita kuelekea kliniki nilikuwa nimeshavaa, namsubiri mlangoni. Magoti yalikuwa kweli yamechoka sasa, uongo wake mmoja uliogeuka ukweli, akaniegemea njia nzima. Nilipomshika kiuno niliugusa ule mzigo wa mchele, umefungwa imara. Miaka yote ile alikuwa bado anaufunga.

"Vua," nikamwambia.

"Watanipunguzia dawa."

"Vua, Somo. Watanipima mimi."

Alisimama ukutani akaufungua chini ya kanga, akanipa. Nikaubeba kwapani kama mtu anayetoka dukani.

Tukakaa kwenye benchi. Pembeni yetu alikuwepo kijana mmoja na mama yake, mama amemfunika mwanawe kichwa kizima kwa mtandio, joto lote lile. Watu walipita. Kila aliyepita alinitazama mimi, kisha akamtazama Somo, kisha uso wake ukatulia, ameshapata maelezo.

"Umekula daku?" Somo akaninong'oneza.

"Nimekula."

Ndipo akatokea Bi Zuhura, ana chupa ya uji, anampelekea mkwewe wodini. Akasimama. Akanitolea tabasamu lile la siku ya kikao, akasema kwa sauti ya kusikika kibaraza kizima:

"Mashaallah. Umemsindikiza Somo wako?"

Niliuhisi mguu wa Somo ukinigusa chini ya benchi. Alikuwa ameshafungua mdomo kunitangulia. Niliuwahi.

"Hapana, bibi," nikasema. "Yeye ndiye amenisindikiza mimi. Siku zote."

Mlango ukafunguliwa, muuguzi akaliita jina la Somo, nikainuka mimi. Somo alilishika pindo la kanga yake, akaliinua mpaka usawa wa bega langu, kama aliyetaka kunifunika. Kisha akaliachia, akaniinamia kiunoni, akanifunga kanga yangu vizuri.